Jinsi Tulivyochagua Trekta Dogo la Jilore

Siku mliyonipikia pilau ya kuniaga pale karakana, mmoja wenu aliniuliza kwa nini chama chetu cha wakulima wa Jilore kilianza kununua matrekta kwa muuzaji wa Kilifi, hali Mombasa kulikuwa na maduka yenye vioo na viti vya kuzunguka. Wakati ule nilikuwa na mfupa mdomoni, sikujibu. Sasa nimestaafu, mfupa nimeshautupa, na wakati ninao. Nitaeleza tangu mwanzo. Mambo ya vyeo sitayagusa. Niliingia kazini nikiitwa fundi na nimetoka nikiitwa fundi, na hizo barua mbili tatu za katikati amezitunza mke wangu. Mimi sijui hata ziliko.

Kazi niliianza mjini Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika karakana ya matrekta makubwa ya kukodi. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Mbarak, mtu mwembamba, mpole wa maneno, aliyevaa kanzu mpaka mlangoni na ovaroli kutoka mlangoni kuendelea. Siku ya kwanza nilifika na bisibisi mpya mfukoni, nikidhani nitafungua injini. Bwana Mbarak alinipa debe la mafuta ya taa na karai la nati na bolti, akaniambia nioshe. Nilipomaliza alifuta bolti moja kwa leso yake nyeupe, akaitazama leso, akanirudishia karai. Nikaosha wiki nzima. Nilifika mahali nikaota bolti.

"Uchafu ndio mama wa ubovu," aliniambia Ijumaa. "Na injini haifi ghafla, Athmani. Huaga kwanza. Kazi yako ni kuisikia ikiaga."

Alinifundisha kuweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na sikio kwenye mpini, nisikilize kama daktari. Mpaka leo nafanya hivyo, na nimewaona baadhi yenu mkicheka. Chekeni, lakini sikilizeni.

Matrekta yetu makubwa yalikuwa na nguvu za kung'oa mnazi. Tatizo lilikuwa ni kwamba kila mkulima aliyataka wiki moja, ile ya kabla ya masika. Tuliyapeleka kwa zamu, na zamu ya Jilore ilikuwa ya mwisho kwa sababu Jilore iko mwisho wa barabara. Mvua ikitangulia, barabara inakuwa uji na trekta linabaki Malindi. Mwaka mmoja nililifikisha huko wakati mahindi ya waliolima kwa jembe yamefika magotini. Na hata tulipowahi, trekta lile halikuweza kugeuka katikati ya mikorosho. Liliingia kwa mbele likatoka kinyumenyume, na huku nyuma limeacha matawi chini, na mwenye shamba ameshika kichwa.

Basi wakulima wakakutana katika chama chao, wakaamua kununua trekta lao wenyewe, dogo, la kupita kati ya miti. Wakaniomba niache Malindi niwe fundi wao. Nilikubali, kwa sababu waliniita mtaalamu, na hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo hata kwetu nyumbani.

Kamati ya kwenda kuchagua ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza ni mwenyekiti, Mzee Kahindi, aliyewahi kuendesha trekta kwenye shamba la mkonge ujanani mwake, na ambaye aliwakumbusha watu jambo hilo kabla ya salamu. Wa pili ni Mama Dama, mjane, mwenye shamba linaloteremka kutoka kwenye mikorosho mpaka karibu na mto. Hakuwahi kuendesha kitu chochote, lakini alikuwa amelima shamba lile kwa mkono miaka mingi na aliijua kila hatua yake. Wa tatu ni mimi, mtaalamu.

Tukapanda basi hadi Kilifi, tukashuka kusubiri feri ya kuvuka kwenda upande wa Mombasa. Foleni siku ile ilikuwa ndefu. Malori ya nanasi, ng'ombe, harusi nzima na tarumbeta zake, na sisi. Mama Dama alitandika leso chini akakaa, akatazama maji, akatazama foleni.

"Fundi," akaniuliza, "huko tuendako, tukinunua na kitu kikavunjika, huyo wa kuja kutengeneza naye atapita hapa?"

"Atapita, mama. Njia ni hii moja."

"Naye atapanga foleni?"

"Atapanga."

Mzee Kahindi alimwambia mambo ya ufundi awaachie wanaume, kisha akatuhadithia tena habari ya mkonge.

Mombasa tulipokewa na Bwana Wilfred, muuzaji kijana aliyevaa tai na viatu vilivyong'aa. Nisimseme vibaya: alikuwa mcheshi, mwenye heshima, na chai yake ilikuwa na biskuti. Ndani ya kioo lilisimama trekta dogo jekundu. Magurudumu yake yalipakwa kitu kama rangi ya viatu. Kiti chake kilikuwa na springi, ukikaa kinashuka na kupanda taratibu. Mzee Kahindi alikaa, kikashuka, kikapanda, na uso wake ukawa wa mtu aliyerudi kwao baada ya miaka mingi. Kumshusha ikawa kazi.

Bwana Wilfred alinivuta kando kama fundi kwa fundi. Akanieleza gia, pampu, nguvu za injini, kisha akanipa kalenda kubwa na kofia nyekundu yenye nembo ya kampuni. Nikaivaa pale pale. Nawaambieni ukweli vijana wangu, tangu kofia ile iingie kichwani, akili ilitafuta mahali pengine pa kukaa. Nilikuwa nimeshachagua, na sijafungua hata kifuniko cha injini.

Mama Dama alilizunguka trekta mara mbili, mikono nyuma.

"Mwanangu, hili likifa, nani anakuja, na anakuja siku gani?"

Bwana Wilfred akatabasamu. "Mama, hili halifi."

"Kila kitu hufa. Hata mume wangu alikufa, naye alikuwa mzima kuliko hili."

"Nilitaka kusema, mama, ni imara sana."

"Sawa. Na hicho kinachosafisha mafuta, mnacho hapa dukani? Nataka kukiona."

Alimaanisha chujio la dizeli. Mimi mtaalamu sikuwa nimeuliza. Bwana Wilfred aliingia ndani, akakaa sana, akarudi na kitabu kizuri chenye picha za chujio. Akasema lenyewe huagizwa. Mama Dama aliitazama picha kwa makini, akasema ni nzuri, akamrudishia.

Tukarudi na feri. Tulipofika upande wa Kilifi, Mama Dama alikataa kupanda basi. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Kibarani, pale pale Kilifi, kuna mzee anauza matrekta madogo, akasema haendi nyumbani bila kumwona. Mzee Kahindi alinung'unika njia nzima.

Duka la Mzee Twalib lilikuwa banda la mabati. Humo ndani hamkuwa na kioo ila kile cha kunyolea ndevu, kilichotundikwa msumarini. Lakini ukuta mzima wa nyuma ulikuwa rafu, na rafu zilijaa vipuri, kila kipande na kikaratasi chake kilichoandikwa kwa mkono. Katikati ya sakafu lilisimama trekta la buluu, fupi, lenye kiti cha bati kama sinia la biriani. Chini yake ilitokeza miguu miwili.

"Shikamoo, ami," nikaiamkia miguu.

"Marahaba. Mwataka nini?"

"Twataka trekta," Mzee Kahindi akajibu kwa sauti ya mwenyekiti.

"Kila mtu ataka trekta. Mwalima nini, na wapi?"

Tukamweleza. Mzee Twalib hakutoka chini. Akaendelea kuuliza huku tukisikia spana ikigonga. "Mkorosho hadi mkorosho, hatua ngapi?"

Mzee Kahindi akanitazama, mtaalamu. Mimi nikaitazama rafu.

"Hatua kumi na mbili," Mama Dama akajibu. "Mpakani na jirani ni tisa, maana yeye hupanda usiku."

"Udongo?"

"Juu mchanga. Chini kwa mto mweusi, ukikanyaga wakunyang'anya kiatu."

"Mawe?"

"Hapana. Visiki vipo vitatu, navijua."

Hapo ndipo Mzee Twalib alipotoka. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe zenye grisi upande mmoja. Alimwamkia Mama Dama kwa adabu kamili, akamvutia kiti. Kisha akatutazama mimi na mwenyekiti.

"Fundi ni nani?"

Nikakohoa.

"Hiyo kofia umeinunua?"

"Nimepewa, ami."

"Mm," akasema, na hakuendelea. Sijapata kusikia hotuba ndefu kama ile.

Mama Dama akaomba kuona chujio la dizeli. Mzee Twalib hata hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma yake, akavuta kisanduku, akamwekea mkononi. Mama akalipima kama mtu anayenunua embe. Mzee Kahindi yeye alijaribu kiti cha sinia, akainuka upesi, akasema ni baridi.

Tulipofika Jilore sisi watatu tukapiga kura, na kura zikawa mbili kwa moja kwa lile jekundu. Mama Dama hakubishana. Alisema tu kwamba trekta halitalima ndani ya kioo, na kwamba kabla chama hakijatia sahihi, yote mawili yaje yalime shambani kwake, watu wote waone. Ukitaka kumpinga mtu wa namna hiyo huna pa kuanzia. Tukawaandikia wauzaji barua, na wote wakakubali.

Siku ya majaribio Jilore nzima ilikuja. Hakulimwa shamba lingine siku ile. Waliokuja wote walikuwa wataalamu, na wale ambao hawajawahi kuliona trekta dogo ndio waliokuwa na maoni mengi zaidi. Mzee Twalib alifika wa kwanza. Alikuwa ameliendesha trekta lenyewe kutoka Kibarani, njia nzima, tangu baada ya sala ya alfajiri, na mwavuli mweusi ameufunga nyuma ya kiti kwa kamba ya mnazi. Alishuka, akajinyoosha mgongo, akaomba maji. Bwana Wilfred alifika karibu adhuhuri, trekta lake likiwa juu ya lori, akaomba radhi kwa sababu ya foleni ya feri. Mama Dama alinitazama. Mimi nikarekebisha kofia.

Kuweka mafuta ilikuwa kazi yangu. Chama kilikuwa na pipa la dizeli nyuma ya ghala, na kwa kuwa tulitaka haki, tulikubaliana matrekta yote mawili yatiliwe kutoka pipa hilo moja. Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye aibu yangu. Pipa lile lilikuwa limepoteza kifuniko, nami nilikuwa nimelifunika kwa kipande cha gunia nikijiambia nitatafuta kifuniko kesho. Kesho zilikuwa zimepita nyingi. Nilipokuwa nikichota, niliona chini ya ndoo rangi ya chai ya maziwa. Niliiona, vijana wangu. Lakini watu walikuwa wakinitazama, nami nina kofia mpya. Kuchuja ni kazi ya polepole, isiyopendeza mbele ya watu. Nikamimina kote kuwili.

Jekundu lilianza. Bwana Wilfred alitaka kuendesha mwenyewe, lakini Mzee Kahindi alikuwa ameshakaa, na kile kiti kikampandisha na kumshusha mbele ya wananchi. Kule juu kwenye mchanga lilikata mifereji iliyonyooka kama mistari ya daftari. Watu wakapiga makofi. Bwana Wilfred alitembea kando yake akieleza, na mimi nikatembea kando ya Bwana Wilfred nikiitikia kwa kichwa. La buluu likafuata. Lilikohoa, likatoa moshi, likalima vizuri vile vile, ila hakuna aliyepiga makofi. Uzuri wa sura ni kitu kikubwa, hata kwa chuma.

Kisha wakateremka kwenye udongo mweusi. Jekundu likaingia kwa kishindo, likasonga hatua kama thelathini, kisha nikasikia. Injini ilikatika kidogo, ikarudi, ikakatika tena. Ilikuwa ikiaga. Ikazima, na trekta likatulia polepole kwenye matope hadi nusu ya gurudumu, kama nyati anayejipumzisha. Mzee Kahindi akabaki juu ya kiti, kimemshusha na hakikumpandisha tena.

Muda mfupi baadaye la buluu nalo likakohoa likazima, pembeni kidogo, penye ukavu.

Mzee Twalib alishuka, akafungua kisanduku chini ya kiti, akatoa spana mbili, kitambaa na chujio jipya. Akalifungua lile la zamani, akalimimina kwenye kiganja, akanusa. Akatia jipya, akalegeza nati ya pampu, akapiga pampu ya mkono mpaka povu likaisha na dizeli ikaja safi bila upepo. Akakaza. Muda wote huo haukuzidi ule wa mtu anayekunywa vikombe viwili vya kahawa. Injini ikawaka, akamaliza mfereji wake, akapanda mlima akazima.

Bwana Wilfred alikuwa amesimama matopeni, tai imeangukia begani. "Hili halijawahi kufanya hivi," akasema. Nami najua alisema kweli. Chujio hakuwa nalo, na lile la Mzee Twalib halikuingia kwake.

Watu wakaanza kucheka. Wengine wakasema jekundu ni takataka, lirudishwe lilikotoka. Mzee Kahindi, aliyekuwa ameshuka akipoteza kiatu kimoja njiani, alikuwa wa kwanza kusema kwamba yeye tangu mwanzo aliliona lina kasoro. Nilisimama pale nikafikiri. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, watu hawa walioniita mtaalamu watanirudisha Malindi kwa basi la kesho, na Bwana Mbarak alikuwa ameshamchukua mtu mwingine mahali pangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Lakini nilimwona yule kijana akifuta tope kwenye bati la trekta lake kwa leso, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi, na nikashindwa.

"Trekta halina kosa," nikasema. "Kosa ni langu. Pipa ni chafu. Niliona uchafu, nikamimina."

Kofia niliivua, sijui kwa nini. Labda nilihisi niko msibani. Bwana Wilfred akaniambia kwa sauti ndogo, "Ahsante, fundi," kisha akaigeukia kamati. "Mmesikia. Basi majaribio haya si halali. Tuyarudie kwa dizeli safi."

Mzee Kahindi akatikisa kichwa kukubali, maana alikitaka bado kile kiti. Lakini Mama Dama alikuwa ameshanyanyua mkono.

"Mwanangu, pole," akamwambia. "Amesema kweli, na wewe umesema kweli. Lakini hiyo dizeli ndiyo yetu, na fundi huyo ndiye wetu. Hatuna vingine. Sisi hatununui trekta la siku tutakapokuwa safi. Yote mawili yamekufa. Nilitaka kuona nani ana dawa."

Kura ikapigwa upya pale pale, kwa mikono, na la buluu likashinda. Hata Mzee Kahindi alinyoosha mkono, ingawa aliunyoosha mpaka begani tu.

Hapo likatokea jambo ambalo sijaliona tena katika kazi yangu yote. Mwenyekiti alikwenda kumpa Mzee Twalib mkono wa biashara, naye Mzee Twalib akakataa kuushika.

"Siwauzii," akasema.

"Vipi muuza duka akatae mteja?" Mzee Kahindi akauliza, akiwa na kiatu kimoja.

"Nikiwauzia leo, mwezi ujao litakuwa limekufa, na kila mtu kutoka hapa mpaka Kilifi atasema trekta la Twalib bovu. Mimi nina jina moja tu, sina la akiba. Nipeni fundi wenu siku kumi. Akirudi nimemridhia, trekta litakuja naye. Nisipomridhia, tafuteni duka lingine."

Masika yalikuwa karibu. Siku kumi zilikuwa nyingi, lakini hatukuwa na njia nyingine, na nilifurahi kwamba kuna mtu ananitaka hata kwa adhabu.

Nilikaa Kibarani siku kumi, nikila kwa mke wa Mzee Twalib, aliyeniita "mwenye pipa". Siku ya kwanza nilipewa debe la mafuta ya taa na karai la nati. Sikuuliza swali. Kisha akanifundisha mambo ya dizeli, ambayo nyote mmeyasikia kwangu mpaka mkachoka. Pipa lilazwe, lisisimame, na liinamie kidogo nyuma, ili uchafu ukae mbali na bomba. Dizeli ikifika, ilale siku nzima kabla ya kuchotwa. Ile ya chini kabisa usiitie kwenye injini, osha nayo vyuma. Faneli iwe na kitambaa, na kitambaa kisiwe kile ulichofutia mikono. Halafu akanifundisha kununua trekta, jambo ambalo mimi nililidhani nalijua. "Usiulize lina nguvu ngapi," alisema. "Uliza mkanda wake wa feni, chujio lake na nati zake za gurudumu viko wapi leo. Kama viko ng'ambo, na trekta lako liko ng'ambo. Wewe unacho kivuli chake tu."

Siku ya tisa aliharibu kitu kwenye trekta la buluu nikiwa msikitini, akaniambia nitafute. Niliweka bisibisi na sikio. Ilinichukua asubuhi nzima, kumbe alikuwa amelegeza nati moja ya bomba la dizeli, linavuta upepo. Nilipoikaza, akasema, "Mm." Lakini hii ilikuwa "mm" nyingine.

Tukaenda Jilore pamoja, mimi nikiendesha, yeye nyuma kwenye tela chini ya mwavuli wake. Na huko tukakuta nini? Trekta jekundu lilikuwa bado kwenye matope ya Mama Dama. Mzee Twalib alikuwa amejitolea kulivuta siku ile ile, lakini Bwana Wilfred alikataa kuvutwa na mpinzani mbele ya watu. Akaagiza chujio Mombasa. Chujio likaja siku ya nne, likawa ni la trekta kubwa. Akaagiza tena, na hilo la pili lilikuwa bado halijafika. Wakati huo wote alikuwa akilala kwa Mzee Kahindi, tai ameitundika ukutani, na alikuwa ameshajua kukama mbuzi na kukuna nazi. Watoto wa pale walimwita mjomba. Nadhani alisikiliza habari ya mkonge kuliko binadamu yeyote kabla yake.

Alipotuona aliteremka hadi kwenye matope, akasimama kando ya trekta lake.

"Mzee," akamwambia Twalib, "naomba mnivute."

"Funga mnyororo chini, usifunge mbele," Mzee Twalib akamjibu. "Bati lako zuri, tusilikunje."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya trekta letu. Nilikaa kwenye sinia, nikatia gia ya chini, nikaachia klachi polepole kama nilivyofundishwa, na lile jekundu likatoka na mlio ambao sitauandika. Mzee Twalib akakaa chini na Bwana Wilfred, wakalifungua chujio lile chafu, wakalisafisha kadiri ya kuweza kulifikisha barabarani. Waliongea sana. Walipoagana walikuwa wanaitana ami na mwanangu.

Kisha tukalima. Tulilima shamba baada ya shamba, mimi na Mzee Kahindi kwa zamu, na nakiri kwamba alikuwa dereva mzuri kuliko alivyojisifu, jambo lililotushangaza sote. Kati ya mikorosho trekta lilipita kama mbuzi. Pale mpakani penye hatua tisa, Mama Dama alitembea mbele akirudi kinyumenyume, akituonyesha kwa mikono, na tulipita bila kuvunja hata kijiti. Visiki vyake vitatu alivifunga vitambaa vyeupe.

Tulimaliza shamba la mwisho, na anga bado kavu. Hilo halikuwahi kutokea Jilore tangu watu waanze kukodi matrekta. Siku mbili baadaye chama kikakutana ghalani kwa mkutano wa kawaida. Katibu akasoma ajenda kama alivyozoea, akafika kwenye ile ya tatu, iliyokuwa ikiandikwa kila mwaka msimu ule: malalamiko ya wanachama kuhusu kuchelewa kwa trekta. Akasimama hapo. Watu wakatazamana. Mzee Kahindi akauliza kama kuna mwenye lalamiko, na akangoja, maana ajenda ile kwa kawaida ilichukua nusu ya siku. Mtu mmoja alinyoosha mkono, akafikiri, akaushusha.

"Basi," mwenyekiti akasema, kama mtu aliyepotelewa na kitu, "labda tulalamikie mvua."

Haikupita hata saa moja. Tulikuwa kwenye ajenda ya sita tuliposikia tone la kwanza juu ya bati, kisha la pili, kisha bati lote likanguruma, na katibu akawa anafungua na kufunga mdomo bila mtu kumsikia. Mama Dama aliinuka, akajifunga leso ya pili kiunoni, akachukua kifuko chake cha mbegu alichokuwa amekiweka chini ya kiti, akatoka. Hakuaga. Wakamfuata wawili, wakafuata kumi, mpaka ghala likabaki na mimi, katibu, na viatu vya watu mlangoni.

Katibu akaniinamia sikioni, akapiga kelele, "Fundi, mkutano niufunge vipi?"

Nikamwambia aandike kwamba wanachama wote walikwenda kupanda.